Siku moja bila simu ufukweni: kinachopumzika hasa ni nini?

Ukikaa vijiweni Mtwara mjini siku hizi haichukui muda mtu analeta ile stori ya "kufunga dopamini". Ameona video, anasema ukizima simu kutwa nzima ukaenda zako Msimbati ukajilaza mchangani basi dopamini, kemikali fulani ya ubongo, yote inakutoka mwilini na jioni unarudi na ubongo mpya. Mwenzake anamkatalia palepale, hayo ni mambo ya wazungu wanaokaa maghorofani, sisi watu wa kusini bahari ipo mlangoni na mikorosho ipo uani, tukapumzike wapi tena? Wa tatu anauliza swali la maana kuliko wote: sasa nikizima simu mteja wangu atanipataje, na nauli yenyewe ya kurudi ipo M-Pesa?

Mabishano haya nayasikia sana na mara nyingi yanaisha kila mtu amechanganyikiwa zaidi ya alivyoanza, na inaniuma kwa sababu kitu chenyewe ni kizuri, ni rahisi, na huku kwetu kinapatikana karibu bure. Kwa hiyo twende nacho taratibu.

Kwanza tukubaliane tunaongelea nini. Skrini ni kioo chochote kinachowaka na kukuonyesha kitu, yaani simu janja, TV, kompyuta, tableti ya mtoto, hata ile TV ya kibanda umiza. Redio haimo, labda ukitaka mwenyewe kuipumzisha. Siku bila skrini ni kuanzia unapoamka mpaka jua linazama huangalii hata kimoja kati ya hivyo. Na kupumzika nje maana yake uko sehemu yenye miti, au maji, au upepo na anga, na huna kazi ya kumaliza, hakuna anayekusubiri umpe hesabu. Hicho kipande cha mwisho, cha kutokuwa na kazi, watu wengi wanakiruka na ndo kinacholeta nusu ya ubishi wote, nitakirudia.

Halafu kuna umakini, na hapa ndo penyewe.

Mwaka 1890 Mmarekani mmoja, William James, mtu wa saikolojia, aliandika kwamba umakini wa binadamu uko wa aina mbili. Kuna ule unaoulazimisha, kama unapopiga hesabu za duka, unapoendesha pikipiki kwenye foleni ya magari ya korosho, unapomsikiliza mtu anayeongea huku kuna kelele pembeni. Na kuna ule unaokuja wenyewe, kitu kinapita unageuka kukiangalia bila kujituma. Baadaye sana watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Michigan, Stephen na Rachel Kaplan, mume na mke, wakaendeleza hilo wazo wakasema huu umakini wa kulazimisha unachoka, na ukichoka haurudi kwa kujikaza.

Chukulia kisima cha kufukua mchangani, kile mnachochimba kwenye mto uliokauka. Maji yanaingia kwa chini polepole kwa mwendo wake. Ukichota kwa kiasi ukasubiri unapata maji meupe, ukichota mfululizo kuanzia alfajiri ifikapo saa nne unatoa tope, na hata ukasirike vipi, ukazamishe kata kwa nguvu vipi, maji hayaji upesi kwa sababu una haraka. Dawa yake ni moja tu, acha kuchota. Umakini wa kulazimisha uko hivyohivyo. Ukiona unasoma meseji moja mara tatu haiingii, unamfokea mtoto kwa kitu kidogo, unaingia chumbani umesahau ulichofuata, ujue unachota tope.

Hapo mtu ananiuliza, sasa mbona na mimi nikichoka nashika simu napumzika? Hilo swali zuri na wengi wanalijibu vibaya kwa kusema tu simu ni mbaya. Simu kweli inakuvuta bila kujituma, kwa hiyo ungetegemea umakini wa kulazimisha upate likizo. Tatizo ni namna inavyokuvuta. Kina Kaplan walitenganisha mvuto mkali na mvuto laini. Mvuto mkali ni kama mechi ya fainali au ugomvi mtaani, unakukamata wote, hakuna nafasi inayobaki kichwani. Mvuto laini ni kama kukaa ufukwe wa Shangani hapa Mtwara jioni unaangalia mawimbi yanavyokuja na kurudi, au kuangalia majani ya mnazi yanavyopigwa na upepo wa kusi, macho yamekaa pale lakini kichwa kina nafasi, mawazo yanapita, mengine unayamaliza, mengine yanaondoka zake. Hakuna wimbi linalokuuliza swali.

Simu inauliza maswali kila sekunde. Hii niendelee au niruke? Huyu nimjibu sasa au baadaye, na nisipomjibu ataona nimesoma? Hii ni kweli au uongo? Mbona fulani kajenga na mimi bado? Kila swali kati ya hayo ni kata moja ya maji. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa kitandani Jumapili nzima anaskroli, hajainua hata ndoo, na jioni amechoka kweli, si uvivu, amechoka kweli, alikuwa anachota siku nzima.

Kuna jaribio lilichapishwa mwaka 2008, la Marc Berman na wenzake hukohuko Michigan. Wakachukua wanafunzi wakawapa mtihani wa kurudisha namba kinyumenyume, yaani unasomewa 7, 2, 9, 4 na wewe unatakiwa useme 4, 9, 2, 7, na namba zinazidi kuongezeka. Halafu wakawatembeza karibu saa nzima, wengine bustani ya miti, wengine katikati ya mji kwenye magari na maduka, kisha mtihani tena, na wiki nyingine wakabadilishana njia. Waliotoka kwenye miti walifanya vizuri zaidi kuliko waliotoka mjini. Na kilichonivutia mimi ni kwamba haikuhitaji wawe wamefurahi, hata waliotembea kwenye baridi kali wakilalamika walipata faida hiyohiyo. Ni jaribio la watu wachache, lisichukuliwe kama kipimo cha mwisho, ila linaonyesha kitu gani hasa kinapimika: ile nguvu ya kushika jambo kichwani.

Sasa hiyo dopamini. Dopamini ni kemikali ambayo ubongo unaitengeneza wenyewe muda wote, usiku na mchana, na haifanyi kazi ya raha peke yake, inatumika kwenye kukufanya utake kitu, ujifunze, hata kwenye kutembea. Wenye ugonjwa wa Parkinson, wale ambao mikono inatetemeka na mwili unakakamaa, shida yao ni kwamba seli zinazoitengeneza zimekufa nyingi. Kwa hiyo mwili usio na dopamini haujapumzika, unaumwa. Huwezi kuitoa kwa kulala ufukweni na usingependa itoke. Hata Cameron Sepah, mwanasaikolojia wa California aliyelipa umaarufu hilo jina la kufunga dopamini mwaka 2019, alieleza mwenyewe kwamba jina lisichukuliwe neno kwa neno, alikuwa anaongelea kupunguza tabia zinazomshinda mtu, sio kupunguza kemikali.

Ila dopamini inaingia sehemu moja ya kweli. Kwenye majaribio ya Wolfram Schultz miaka ya 1990, akiwapa nyani juisi, ilionekana zile seli zinashtuka zaidi zawadi inapokuja bila kutegemewa. Kinachokuja kila siku saa ileile hakizishtui tena. Na wewe angalia unapopandisha kidole kwenye kioo, hujui kinachofuata, inaweza kuwa upuuzi mara kumi halafu ya kumi na moja ukacheka mpaka machozi. Hiyo ndo inayokushika. Tena ukurasa wenyewe hauna mwisho, mtindo ambao Aza Raskin aliubuni mwaka 2006 na baadaye akasema hadharani anaujutia. Zamani gazeti lilikuwa linaisha, unalikunja. Siku bila skrini haifuti huo mtego, kesho yake simu ni ileile. Inachofanya ni kukutoa kwenye mtego kwa muda wa kutosha uone kwamba mkono ulikuwa unaenda mfukoni wenyewe.

Na utaenda, usishtuke. Masaa ya mwanzo si matamu, na hapo ndo watu wanakata tamaa wanasema haifanyi kazi. Unahisi simu imetetemeka mapajani na hukuja nayo. Unaona jahazi limetweka tanga unatafuta kamera. Unaboreka kabisa. Kuboreka huko ni sehemu ya safari, kisima bado ni tope na maji ndo kwanza yanaanza kuingia, ukirudia simu saa mbili asubuhi hujafika popote.

Turudi kwa yule aliyesema sisi tuko nje kila siku. Kuna ukweli na lazima upewe heshima yake. Mvuvi wa Msangamkuu, mama anayeshuka mwambani na mkuki wake kuchokoa pweza, mkulima wa Nanyamba anayepulizia salfa mikorosho, hawa wako nje kuliko mtu yeyote. Lakini hawajapumzika. Mvuvi anasoma upepo, anaangalia nyavu, anahesabu mafuta ya injini, mama wa pweza macho yote yako kwenye kijitundu cha mwamba na sikio liko kwenye maji yanayorudi. Huo ni umakini wa kulazimisha wa hali ya juu, mwambao tu ndo umezunguka kazi. Kuwa nje na kupumzika nje ni vitu viwili, na mtu anaweza kuishi miaka yote mita mia kutoka baharini asiwahi hata mara moja kukaa akaiangalia bila kuitaka kitu. Wazee wetu waliokuwa wanakaa chini ya mwembe alasiri hawakuwa wavivu, walikuwa wanajua siku ina sehemu ya kazi na sehemu ya kuachia. Sisi ile sehemu ya kuachia tumeijaza kioo.

Wala si lazima uende mbali. Roger Ulrich alichapisha utafiti mwaka 1984 wa wagonjwa 46 wa hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, wote walikuwa wamefanyiwa upasuaji wa kutoa kifuko cha nyongo. Nusu vitanda vyao viliangalia dirisha lenye miti nje, nusu dirisha lililoangalia ukuta wa matofali. Wa miti walikaa hospitali siku chache zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu kidogo zaidi. Dirisha tu. Kwa hiyo kama nauli ya Msimbati haipo, mkeka chini ya mkorosho nyuma ya nyumba unatosha, mradi ukae kweli na watoto wasikutume wala usiwatume.

Watu wanapenda kuuliza kuhusu simu kuwepo lakini imezimwa, au iko mkononi kwa ajili ya picha tu. Mwaka 2017 Adrian Ward na wenzake walichapisha majaribio ambapo simu kuwa mezani tu, kimya, ilionekana kupunguza uwezo wa watu kwenye mitihani kuliko ikiwa chumba kingine. Wengine walirudia wakapata matokeo yanayotofautiana, kwa hiyo siwezi kukwambia ni sheria. Ninachoona mimi ni kwamba ukibeba simu kwa ajili ya picha, utapiga picha, utaiangalia kama imetoka vizuri, utafikiria caption, na kabla hujaiposti tayari umeshahama ufukweni uko kwa watakaokomenti. Kama ulazima upo, kwamba mama mgonjwa nyumbani au una biashara, chukua kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, hamishia laini humo, waambie watu wa muhimu jana yake kwamba nipigie, usinitext, na nauli itoe taslimu kabla hujaondoka. Kitochi kinapiga, kinapokea, hakikuulizi chochote. Dharura zimetunzwa na siku imebaki salama.

Kwa watoto kuna sababu ya ziada, macho. Unapoangalia kitu cha karibu, msuli mdogo ndani ya jicho unajikaza ili lenzi inenepe, ukiangalia mbali unalegea. Na mtu akikodolea kioo anapepesa macho mara chache kuliko kawaida, ndo maana yanakauka na kuwasha. Hayo yanawapata hata watu wazima. Mtoto jicho lake bado linakua, na likirefuka kupita kiasi anakuwa haoni mbali, anasogelea ubao darasani. Guangzhou, China, shule zilizowaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule, baada ya miaka 3 watoto waliopata tatizo hilo walikuwa kama asilimia 30, na shule zisizoongeza kama asilimia 40. Matokeo yalichapishwa 2015. Inadhaniwa mwanga wenyewe wa nje ndo unaosaidia, maana jua la mchana linafika laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga) na sebuleni kwako hata taa ikiwaka ni mia chache tu. Kivuli cha mti nje bado kina mwanga mwingi kuliko ndani, kwa hiyo hakuna haja ya kumuunguza mtoto juani.

Ukiamua kwenda, usipange siku kwa saa, ipange kwa maji. Bahari yetu inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanatoka mbali kabisa na yanarudi kwa nguvu, katikati hapo ni maji mafu. Bamvua ni raha ya kutembea mwambani kuangalia viumbe kwenye vidimbwi, lakini uliza wenyeji maji yanarudi saa ngapi, watu wanazungukwa na maji kwenye fungu la mchanga huku wanaona pwani ileee. Vaa kandambili ngumu au raba, kuna wale viumbe weusi wa miiba mirefu. Miezi ya Juni mpaka Agosti kusi ni kali, hewa nzuri ila bahari chafu, kuogelea si sana. Kuanzia Desemba mvua zinaingia na radi, usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake uwanjani.

Wapi? Msangamkuu ni kuvuka tu kutoka mjini. Mikindani ni kilometa kama 10, unakaa ukingoni mwa ghuba chini ya vivuli vya mji wa zamani. Msimbati ni mbali kidogo na iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo ulizia ada na utaratibu mapema, na ukifika upande wa mto usiingie majini, mamba wapo. Walioko Lindi wanavuka ghuba kwenda Kitunda, au wapande Rondo kwenye msitu, ambako jina lake amepewa komba mdogo wa Rondo mwenye uzito wa gramu 60 hivi, mmoja wa wadogo kabisa kwenye jamii yake duniani. Yeye ni wa usiku, mchana hutamuona, ila kukaa kimya chini ya miti anayoishi ni jambo kubwa. Mimi binafsi nikiambiwa nichague moja nachagua Newala, pale Shimo la Mungu, unaangalia bonde la Ruvuma chini mpaka Msumbiji, macho hayajawahi kupata sehemu ya mbali kama ile kupumzikia. Beba ming'oko ya kuchemsha na maji ya kutosha, basi.

Mara ngapi? Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2019, wa watu karibu 20,000, ulikuta waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki sehemu za asili walisema afya na maisha yao yako vizuri zaidi, na haikujalisha dakika hizo ni za safari moja au zimegawanywa. Haithibitishi kwamba miti ndo iliyowaponya, inawezekana wenye afya ndo wanaotoka zaidi, lakini kama mwongozo haina hasara. Kutwa nzima mara moja moja, na nusu saa za hapa na pale katikati ya wiki.

Mtu mwenye sonona, ambaye uzito wa moyo umekaa wiki na wiki, halali usingizi, hali chakula, anawaza kujidhuru, huyo usimwambie nenda ufukweni utakuwa sawa. Mpeleke hospitali, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi au kituo kilicho karibu, ufukwe atakuja nao baadaye kama nyongeza.

Jioni ukirudi na ukiwasha simu, zitaingia zote kwa mkupuo. Angalia waliopiga, wajibu wenye shida, magrupu yaache mpaka asubuhi. Mwanga wa kioo usoni usiku pamoja na stori zenyewe vinausogeza usingizi mbele, na baada ya siku ya upepo na kutembea mwili unautaka mapema, saa tatu tu unaweza kukuta macho yanafunga.